Mbwa wa Ghala la Chumvi

Mtu akinisifia huruma ya akina mama wa kanisa, namwacha amalize, kisha nazungumzia bei ya nyavu.

Miaka ile ya sabini nilikuwa nimevuka kutoka upande wa Kongo na kuolewa Nchelenge, ng'ambo ya ziwa. Mume wangu alishona nyavu, mimi nilinunua samaki na kuwauzia wenye baiskeli. Ufuko wote ulianikwa chisense, dagaa wetu wadogo, na mbwa walifuata harufu. Mji ulikua, nao wakaongezeka. Mtu akienda kutafuta kazi migodini anamwacha mbwa, na mchuuzi akivuka ziwa anamwacha pia, maana wenye mitumbwi hawakutaka kubeba mbwa.

Dawa ya akina mama ilikuwa sumu ndani ya kichwa cha samaki. Nilichoka kuona mnyama akifa anapiga miguu mchangani huku watoto wanacheka. Siku moja baada ya maombi nikasimama, nikawaomba lile ghala la chumvi lililoachwa, niwafungie mbwa humo, mradi kila nyumba ilete makombo kwa zamu. Walipiga makofi. Aliyepiga zaidi ni rafiki yangu, mwanamke wa kwetu Kongo aliyenipokea nilipovuka na aliyempakata mtoto wangu wa kwanza kabla hata mama yangu hajamwona. Nilimwita yaya, yaani dada mkubwa kwa lugha yetu.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Kisha habari zikaenea kwamba kuna mjinga anayelisha mbwa. Waliletwa hadi kutoka Kabuta, wamefungwa nyuma ya baiskeli, na vitoto vyao vikaachwa mlangoni ndani ya magunia. Sikumkataa hata mmoja. Ningempeleka wapi? Walilala wakibanana, wakaambukizana upele, wakang'atana kwa ajili ya mfupa. Makombo nayo yakapungua: leo sufuria moja, kesho maneno matamu. Mume wangu aliniuliza kama watoto wetu nao wabweke ndipo wapate chakula.

Mvua zilipoanza, samaki hawakukauka, na akina mama wakapata hasara. Mbwa kadhaa wakachimba chini ya ukuta, wakala hata kile kidogo kilichopona. Tulikwenda boma, kwenye ofisi ya serikali, kuomba msaada. Karani akatuambia hana mtu wala fedha kwa ajili ya mbwa, akaendelea na chai yake. Kwenye mkutano niliwasihi akina mama tuongeze zamu za chakula na tujenge uzio. Walisema watafikiri.

Jumatatu iliyofuata yaya alikuja asubuhi na beseni kubwa kichwani. Bukari, ugali wetu, ilikuwa bado ina mvuke, imechanganywa na samaki wazuri, si vichwa. Akasema wamefikiri, wameona aibu. Nililia kwa furaha mbele yake, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Yeye alikataa kuingia, akasema harufu inamchafua tumbo.

Niligawa kwa mikono yangu. Nilianza na wanyonge: jike lililokuwa likinyonyesha, kisha mbwa mzee mmoja kipofu, nikiwasukuma wenye nguvu kwa goti. Beseni lilikuwa halijafika nusu jike lile lilipokunja miguu na kuanguka juu ya watoto wake. Nikadhani ni mwiba wa samaki. Nikatoka mbio kumwita yaya alete maji.

Alikuwa nje na wenzetu wanne wa kikundi cha maombi, kila mmoja na jembe lake. Nyuma ya ghala shimo lilikuwa limeshachimbwa. Hakuna aliyenitazama usoni isipokuwa yeye.

Nilitaka kumpiga, na hadi leo najuta kwamba sikumpiga. Nilimuuliza kwa nini hawakuwatupia sumu wenyewe juu ya ukuta, kama walivyozoea, mimi nikawachukia kwa mbali. Alinijibu polepole, kwa sauti ileile aliyonifundishia kumbeba mtoto mgongoni.

“Tulibatupia shiye benyewe juzi, mudogo wangu, bakakatala kula. Njo mukono yako tu banaaminia.”

Nilirudi ndani kwa sababu wengine walikuwa bado wanakufa, na waliponiona wakatikisa mikia.