Ukoko wa Bukari

Batoto bengi ba kartie yetu, mutaa huu hapa Kolwezi, nimebatoa upepo mu tumbo na mikono yangu hii. Mutoto muchanga akilia, tumbo imekaza kama ngoma, mama yake anamuleta kwangu kwanza. Ninamulalisha ku magoti, ninamukanda, ananyamaza. Mutu mukubwa ninamupa maji ya bikabonati, ile ya kulainisha maharagwe, anacheua, anasema aksanti. Masomo sina. Lakini nikisema kitu juu ya tumbo, batu banaamini.

Mujukuu wangu, binti wa miaka kumi na moja, ako na sungura. Baba yake alimutoa kule Mutshatsha, mu mufuko wa makala, ku pikipiki. Mi nilizani ni ya kula.

"Nyama ya sahani unaipakata kama mutoto?" nikamucheka.

"Si ya sahani, nkambo. Na usimupe kitu. Majani na maji tu, munganga wa nyama njo alisema."

Nikasema ndiyo. Lakini kila siku nikimaliza kukwangua sufuria ya bukari, ule ugali wetu, ukoko nilimupa sungura, kwa siri. Alijua mulio wa mwiko wangu. Mujukuu anamwita, yeye anamupita, anakuya kukaa ku muguu yangu. Mi nilifurahi, sitadanganya. Batoto bangu wenyewe banapita mbele ya mulango banasema "Mama, niko mbio." Huyu alikuwa ananikimbilia.

Siku moja ya Mungu nilipika bukari mingi, nikamupa ukoko mukubwa, na majani ya kabichi juu. Kesho yake akajikunja mu kona. Majani hataki. Mavi hakuna. Anasaga meno, tumbo imejaa. Mujukuu akakimbia kumwita munganga wa nyama, ule kijana mwenye kutibu nguluwe na kuku mu kartie. Na mi, munganga wa matumbo, nikaona nimalize kazi mbele hajafika. Nikachukua kijiko, nikamunywesha maji ya bikabonati na sukari. Nikangoja acheue. Hakucheua. Tumbo ikazidi kuvimba.

Kijana akafika, akamupapasa. "Amekula nini?"

"Majani tu," mujukuu akasema.

"Na dawa? Mama, haukumupa dawa?"

"Mi? Nimupe dawa gani? Ni maji! Na hii mashimo yote, na hii mine yote ya shaba, maji ya bomba itaacha kuua sungura?"

Hakuna mutu alibisha. Huku kwetu, ukisema ni maji, nani atabisha? Uongo wangu ulikuta nyumba imekwisha kujengwa, ukaingia, ukakaa.

Kijana akatoa siro, dawa ya upepo ya batoto bachanga, ile ya farmasi, na bomba ya sindano bila sindano. Akapima matone, akayapitisha pembeni ya meno, pole pole. "Hii inavunja mapovu tu," akamwambia mujukuu. "Atembee kidogo, umupe majani makavu, umukande. Sungura hacheui kama mutu. Angekunywa bikabonati, upepo ingezidi, na hana pa kuitolea." Alisema vile tu, bila kujua. Mi masikio yangu yaliwaka moto.

Akaenda. Mujukuu akaniletea sungura ku magoti.

"Nkambo, weye njo unajua matumbo. Unikandie."

Nikaweka mikono yangu ku ile tumbo nilijaza mwenyewe. Nikakanda. Yeye ananiangalia kama mutu anaangalia padri.

Siku ya pili akapiga kelele mu uwanja wa lupango: "Amekunya! Nkambo, amekunya!" Majirani bakatoka kuona nani amekunya. Tukacheka. Nilizani imeisha.

Haikuisha. Toka ile siku, mujukuu alikataa maji ya bomba. Kila asubui, mbele ya masomo, alivuka barabara ya makamyo, yale malori ya mine, na bido ya lita kumi ku kichwa, kwenda kuchota ku tanki ya paroisi, kule kanisani. Na njiani anasema kwa kila mutu: "Ni nkambo yangu njo alijua ni maji." Jirani akaniambia ku luba, ule ua kati yetu: "Mama, weye una akili!" Nikameza ile sifa kama chakula ya mwizi. Bido ikipita, najificha mu jiko.

Asubui moja alichelewa. Akarudi na magoti yamechubuka, vumbi mpaka mu nywele, bido nusu. Kamyo ilimusukuma mu mufereji.

"Nusu itamutosha sungura," akasema. Hakulia.

"Shusha bido," nikasema. "Maji ya huku ina makosa yake, lakini hii si yake. Mi nilimupa ukoko. Kila siku. Na bikabonati, ni mi."

Akabaki na bido ku kichwa.

"Munganga alikuuliza."

"Aliniuliza."

"Na mi nilikuomba unikandie."

"Uliniomba."

Nilingoja anitukane. Matusi ningeweza kubeba. Akashusha bido, akamimina maji mu sahani ya sungura, akaenda kunawa magoti, akaenda masomo.

Kwa jirani nilienda mwenyewe. Alicheka mpaka akashika ukuta: "Yo! Munganga wa matumbo!" Ile ya jirani haikuniuma.

Maji ya tanki sasa ninachota mi, juu mujukuu haamini tena bomba, na haamini tena mudomo wangu. Sungura yeye hana kinyongo. Nikikwangua sufuria, anakuya mbio, anakaa ku muguu yangu, anangoja. Ninamupa majani. Ananitazama kama mi njo nimekuwa mubaya.

Na mujukuu, akisikia mwiko, anatokea ku mulango. Sura yangu haangalii. Anaangalia mikono. Ninaifungua yote mbili, aone.