Koti Lililotundikwa kwenye Trekta

Shemeji yangu, mume wa dada, ni mkata nyasi wa shule, na wanafunzi humwita Bwana Nyasi. Ana trekta ndogo ya kukatia nyasi anayoitunza kuliko anavyojitunza mwenyewe. Yeye hukohoa mwezi mzima bila kumwona daktari, lakini trekta ikikohoa mara moja tu, chakula hakipiti kooni.

Trekta yenyewe haina gia za kubadilisha. Mafuta yanayobanwa na pampu ndiyo yanayosukuma magurudumu ya nyuma: unakanyaga pedali, inakwenda. Mwaka huu ikaanza kuishiwa nguvu kwenye mwinuko wa kuelekea uwanjani. Mwalimu mkuu, mama asiyependa maneno mengi, akasema Ijumaa saa nne ama itapanda mbele ya macho yake, ama mnunuzi wa vyuma chakavu ataondoka nayo. Shemeji akakonda kwa siku mbili.

Alhamisi akamwaga mafuta meusi, akaweka filta mpya na mafuta mapya. Akainua magurudumu ya nyuma kwa jeki, akavuta kifimbo cha chuma cha nyuma, ambacho kikiwa nje injini haiyashiki magurudumu na trekta husukumwa kwa mkono, kisha akapanda kitini kutoa hewa iliyonasa ndani: pedali mbele, pedali nyuma, mbele, nyuma. Nusu saa nzima alikuwa safarini bila kwenda popote, akipiga honi kila kuku alipokatiza. Dada akamuuliza ameshafika wapi. Akajibu, bila kutabasamu, kwamba barabara ni mbaya.

Ilibaki kurudisha kifimbo tu. Lakini joto lilimzidi, akavua koti la kazi, na kwa kuwa kifimbo kilikuwa kimechomoza vizuri, akalitundika hapo hapo. Kesho yake akaisukuma trekta kwa mikono mpaka chini ya mwinuko, eti asiichoshe kabla ya mtihani. Mimi na dada tulimfuata; mnunuzi alikuwa ameshafika na gari lake, na mwalimu mkuu alisimama juu kwenye mwinuko.

Injini ikanguruma. Akakanyaga pedali. Wapi! Mnunuzi akaenda kufungua mlango wa nyuma wa gari lake. Shemeji, mguu bado umekandamiza pedali, akageuka nyuma huku machozi yakimlengalenga, akaanza kuiaga: "Miaka kumi na miwili, mama, wala hukuwahi kuninunia."

Dada hajawahi kuitwa mama kwa sauti ile. Aliudhika, akaona bora aondoke na koti akalifue. Chini yake akakiona kifimbo. Sasa, dada yangu hawezi kupita droo iliyoachwa wazi bila kuifunga. Akakisukuma ndani.

Trekta ikachomoka na shemeji, uso wake ungali umetugeukia sisi, mdomo wazi. Ikapanda mwinuko wote bila kupumua. Mwalimu mkuu aliruka pembeni, akapangusa sketi, akasema itabaki.

Jioni shemeji alitusimulia mara tatu jinsi mafuta mapya yanavyohitaji muda kidogo kupata moto. Nikafungua mdomo nimweleze ukweli, dada akanikanyaga mguu chini ya meza.

"Mwache," akaninong'oneza. "Hata siku ya harusi yetu hakufurahi hivi."