Rejeta ya Gari la Baba

Baba yangu hapandi gari la mtu. Naliweka hili mbele, maana kila anayekisikia kisa hiki huniuliza, "Kwani hamkuwa na gari jengine?" Tulikuwa nayo mawili, jamani. Mdogo wangu wa kiume ana gari jipya lenye baridi ya kutetemesha meno, na mie ninalo langu. Lakini uani kwetu Ibra, huku Oman, chini ya banda, kuna gari la baba, la Kimarekani, milango miwili, silinda nane, boneti refu na mngurumo wa kuamsha mtaa mzima. Vijana wakiliona hupiga nalo picha. Mie nikiliona hulitukana.

Baba ana maradhi ya kusahau. Alianza kwa kusahau miwani, akaja kusahau rakaa, akasahau jina langu. Lililobaki ni moja, nalo laiti lingekwenda na mengine. Alipokuwa kijana Unguja aliona kwa macho yake babake mzazi akitiwa ndani ya gari la watu asiowajua, akaambiwa, "Anarudi sasa hivi." Hakurudi. Maisha yake yote baba hakulizungumza jambo hilo nasi. Sasa ukimpakia kwenye gari asilolijua, anadhani zamu yake imefika. Mdogo wangu alijaribu siku moja kumpeleka hospitali, na baba akafungua mlango gari likiwa mwendoni, anapiga kelele watu wamsaidie. Tangu siku hiyo tukakoma.

Gari lake mwenyewe ni jengine. Hilo alilinunua kwa jasho lake alipokuja Oman, na safari yake ya kwanza alikwenda nalo Sur kumwonesha dada yake. Ndani ya hilo hukaa ametulia, anatazama njia, anauliza habari za watu waliokwishakufa.

Sasa huyo dada yake ndiye aliyetupigisha mbio. Shangazi yetu ndiye aliyemlea baba baada ya lile la Unguja, akamficha, akamlisha, akaja naye Oman, kisha akaolewa na mtu wa Sur. Mwanawe alinipigia simu. Tukasalimiana kama kawaida, habari, nzuri, watoto, wazima, alhamdulillahi, nami nikajua tu kwa ile pumzi yake kwamba nyuma ya hizo nzuri liko jambo.

"Madaktari wamesema tumchukue nyumbani," akaniambia. "Mama hataki kitu chochote ila kumwona mdogo wake."

Tulijaribu simu ya picha. Baba alimtazama shangazi kwenye kioo cha simu, akaigeuza simu akatazama mgongoni kwake, akauliza, "Nani kamtia bibi huyu humu?" Shangazi alisikia. Nilitamani ardhi ipasuke.

Basi likabaki gari, nalo halikuwa likifika hata sokoni bila ya kuchemka. Na kilichomponza huyo mnyama wa chuma ni mapenzi ya baba mwenyewe. Kila Ijumaa akirudi msikitini huchota ndoo ya maji ya falaji, ule mfereji wetu wa kale, na kuyamimina kwenye rejeta. Yale maji ya rangi yanayouzwa madukani aliyaita sumu. "Maji ya falaji yanatoka jabalini," akisema, "yana baraka." Baraka yanayo, sikatai, na chokaa yanayo vilevile. Kila mwanamke wa Ibra anajua birika lake linavyokuwa jeupe ndani, na kila baada ya muda hulitia ndimu likang'oka. Injini nani aitie ndimu? Miaka yote ile baba alikuwa akiijaza baraka mpaka ikaziba.

Fundi wa sanaiya, mtaa ule wa magereji, alitia kidole kwenye mdomo wa rejeta, kikatoka cheupe. Akasema injini ifunguliwe yote, ioshwe, irudishwe, kazi ya wiki nyingi. Nikamwambia mgonjwa wetu hana wiki nyingi. Akainua mabega. Hakuwa na kosa, lakini wallahi siku ile nilimchukia.

Mdogo wangu yeye akaja na yake. "Tutie rejeta kubwa zaidi," akasema. "Rejeta kubwa inapoza zaidi, mambo yakaisha." Alikwenda mpaka Nizwa akarudi nayo, ya alumini, nene, inang'aa, imezidi ile ya zamani kwa upana na kwa urefu. Nikaishika nikaona matumaini yangu yote yamo humo. Mfa maji haachi kutapatapa.

Tuliifunga hapo hapo uani, kwa sababu baba alikataa kushuka. Alipoona boneti limefunguliwa aliingia akakaa nyuma ya usukani na hakutoka. Tunafungua nati, yeye anapiga honi. Tunalala chini kumwaga maji, yeye anauliza, "Tushafika?" Nilicheka mpaka nikalia, na sikujua ni lini kicheko kiligeuka kilio.

Rejeta ya zamani ilitoka nzito kama jiwe la kusagia. Mpya ikakataa kuingia. Vishikio vyake havikuelekeana na matundu ya gari, ikabidi mdogo wangu akate chuma cha mbele kwa msumeno. Ikaingia, lakini feni ya injini ikawa inaigusa. Akaing'oa feni, akafunga mbili za umeme kwa mbele. Mpira wa chini ukawa mfupi, tukatafuta wa lori tukaukata. Boneti nalo halikufunga, linakaa juu ya rejeta, likafungwa kwa kamba. Kila tukitibu hapa panauma kule.

"Wewe unajua unachokifanya?" nikamuuliza.

"Dada, shika hapo, usinitie wahaka."

"Wahaka ninao mie! Wewe una spana tu."

Tukatupiana maneno ambayo watu wazima hawatupiani, na baba ndani anapiga honi kutuamua.

Mwisho mdogo wangu akamimina dawa ya kung'oa chokaa, akawasha injini, kisha akamwaga. Maji yalitoka meupe kama tui. Lo, tulivyofurahi! Akayamwaga tena mpaka yakatoka safi, nasi tukasema uchafu wote umeondoka. Tukalizungusha gari mpaka nje ya mji na kurudi, na mshale wa joto ukakaa katikati, haukutikisika. Nilimbusu mdogo wangu kichwani, grisi na jasho na yote.

Mwana wa shangazi akapiga tena. Safari hii hakuuliza habari. Alisema tu, "Njooni."

Tulitaka kutoka kabla ya jua, lakini baba hasafiri bila ya kahawa na tende, na maradhi yote yale hayakumsahaulisha hilo. Akanywa kikombe, akatikisa, akaongezwa, akatikisa, akaongezwa. Nikasimama na funguo mkononi nikitamani kulivunja dele la kahawa. Tulipoondoka jua limeshakuwa kali. Mie naendesha, baba pembeni yangu, mdogo wangu nyuma kwa gari lake na madumu ya maji.

Mpaka Bidiya tulikwenda vizuri. Baba alikuwa na furaha. Aliteremsha kioo chake kwa namna ile ya gari lile, maana mkono wa kioo upande wa abiria hauzunguki mpaka uusukume ndani kwanza kwa kiganja. Hilo analijua kila aliyewahi kukaa pale. Upepo ukaingia, kofia nusura iruke, akacheka. Nikajisemea, Yarabi, tunafika.

Ndipo mshale ukaanza kupanda.

Nilipunguza mwendo, ukapanda. Nikaomba Mungu, ukapanda. Ikabaki hila moja aliyonifundisha mdogo wangu, kufungulia hita ya gari, ili moto wa injini utokee ndani tulimo badala ya kubaki kwenye maji. Kiangazi cha mkoa wa Sharqiya, jua la kuchoma mchanga, na mie nafungulia hita. Hewa iliyotoka miguuni ilikuwa ya tanuri. Kanzu ya baba ikashikana na mwili. Akanigeukia, na macho yake hayakunijua.

"Mwanangu," akasema, "mbona unanichoma?"

Nilikuwa namchoma kweli. Namchoma baba yangu ili injini ipoe. Nikamwambia, "Nisamehe baba, bado kidogo tu," na bado kidogo ilikuwa uongo, Sur iko mbali mno. Nilimmwagia maji kichwani kwa mkono mmoja huku naendesha kwa mwengine.

Moshi ukatoka. Nikasimama chini ya mti wa msamuri pembeni ya njia, mdogo wangu akaja mbio. Tukangoja, akafungua kifuniko kwa kitambaa, akachungulia, akanipisha. Nikachungulia na mie. Ndani ya rejeta yetu mpya, pamoja na kung'aa kwake kote, vimejaa vipande vyeupe vya chokaa. Dawa ilikuwa imeilegeza ile chokaa ya miaka na miaka ndani ya injini, na mwendo na mtikisiko vikaibandua yote, ikaenda kujaa kwenye vijibomba vyembamba vya rejeta. Ile kubwa tuliyoitafuta Nizwa ilikuwa imeziba hata kabla ya kuufikia mji wa Kamil.

Bwana mmoja mwenye pikapu ya mbuzi alisimama akataka kutusaidia. "Mleteni mzee kwangu, gari langu lina baridi." Alimshika baba mkono kwa heshima tu, masikini. Baba akaukumbatia usukani wangu kwa mikono miwili akapiga ukelele ambao sitausahau mpaka nafukiwa. Yule bwana akaomba radhi akaondoka na machozi.

Sina la kuieleza njia iliyobaki. Tulikwenda, tukachemka, tukasimama, tukatia maji, tukakwenda. Simu ikiita napatwa na homa. Nililitukana lile gari tusi la mama na baba, nikaitukana falaji, nikamtukana na mdogo wangu aliyekuwa hana kosa ila kujaribu. Kisha nikawa sina tena wa kumtukana, nikawa nalia tu na kuendesha.

Tuliingia Sur injini inagonga. Mbele ya lango la shangazi ikatoa mlio wa chuma kukata chuma, ikazimika. Mafuta na maji yakachuruzika chini pamoja.

"Tumefika baba. Teremka, dada yako yuko ndani."

Akautazama mlango. Nyumba ile imejengwa upya, ina geti jipya na rangi mpya. "Hii siyo," akasema. Nikamvuta mkono, akauvuta mlango, akapandisha kioo chake, kisha akajisogeza akakaa nyuma ya usukani na kubana komeo la mlango wa upande ule. Nikambembeleza kupitia kioo. Mdogo wangu akambembeleza. Shangazi yuko kitandani nyuma ya ukuta ule, baba yuko nje, na baina yao ni ua tu, na ua ule ulikuwa mrefu kuliko njia yote tuliyotoka. Nilikaa chini barabarani. Mtu mzima mwenye wajukuu, nimekaa chini kwenye lami ya moto.

Sikusikia nani alimpelekea shangazi habari. Nilichokiona ni wanawe wanatoka wamembeba juu ya kiti, amekwisha, mifupa na kanga, na mmoja analalamika, "Mama, daktari kakataza!" Sauti ya shangazi ikatoka nyembamba, lakini yake yeye mwenyewe: "Daktari atajiju. Nitieni garini."

Wakamwingiza upande wa abiria. Baba akamtazama. "Shikamoo, bibi," akasema kwa adabu, vile anavyomwamkia mtu asiyemjua. Nikafumba macho.

"Marahaba," shangazi akaitikia. Hakusema miye dada yako, hakulia. Alipumzika kwanza. Kisha akainyoosha ile mikono ya vijiti, akautafuta mkono wa kioo, akausukuma ndani kwa kiganja, akazungusha. Kioo kikashuka nusu, nguvu zikamwishia.

Baba akakitazama kile kiganja. Uso wake ukafunguka.

"Dada!" akasema. "Ulikuwa wapi wewe? Nakungoja tangu asubuhi."

"Nilikuwa navaa," shangazi akamjibu.

"Twende nyumbani."

"Twende, mdogo wangu."

Baba akazungusha ufunguo. Gari likatoa mlio mkavu, likanyamaza. Akanigeukia mie dirishani, na sauti ikanitoka sijui vipi: "Imepata moto, baba. Mpaka ipoe."

"Basi tungoje," akasema, akamshika dada yake mkono. Wakakaa hivyo, sisi tumewasimamia na shuka kuwakinga jua.

Shangazi alifariki tukiwa huko huko. Nilimwambia baba, akalia kilio cha mtoto. Baada ya kitambo akaniuliza dada yuko wapi, nikamwambia tena, akalia tena upya kama hajapata kusikia. Alipouliza mara nyengine niliona huu ni ukatili, sikumwambia tena.

Gari lilirudi Ibra juu ya lori la kubebea magari, na baba ndani yake, na mie kiti cha nyuma, maana kile cha mbele alikataa nikikalie. Dereva wa lori alikataa katakata kubeba gari lenye watu. Nilimpigia kelele mpaka akaona bora anibebe kuliko anisikilize. Baba alishika usukani njia nzima akiwapungia watu mkono.

Sasa liko bandani. Rejeta yetu kubwa bado imo mbele yake, inang'aa, imejaa chokaa. Kila alasiri baba huingia akakaa nyuma ya usukani, na kiti cha pembeni hubaki kitupu. Kioo cha upande ule kiko nusu, pale pale alipokiacha shangazi. Vumbi linaingia na sijakipandisha. Nikimpelekea kahawa yake huniuliza.

"Imepoa?"

"Bado, baba."

"Basi tungoje," husema. "Dada hapendi joto."