Mguu wa Mkandaji wa Kasingirima

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ndoo, dekio na aproni iliyonifika vifundoni. Ilikuwa zahanati ya kijiji cha kando ya ziwa, kusini mwa Kigoma. Mganga Mfawidhi akaniambia, "Binti, kazi ya mhudumu ni mikono. Ukiona mikono yako imekaa, ujue kuna kitu umekisahau." Nilikuwa na cheti cha darasa la saba tu. Nilidhani nitafukuzwa kabla ya mwezi kwisha, na wazo hilo, niseme kweli, halikuniacha mpaka nilipostaafu.

Wagonjwa wa mgongo hawakukosekana pale: wavuta nyavu, wabeba magunia ya dagaa, kina mama wa mashamba ya michikichi. Tuliwapa vidonge vya maumivu, na wakitoka walikwenda kukandwa. Sikuwahi kuwacheka. Misuli iliyokaza, mkandaji hodari akiipaka mawese ya moto na kuikanda, mtu huinuka akaenda zake.

Lakini kuna mgongo wa namna nyingine, na huo niliuelewa baada ya kuhamishiwa hospitali ya mjini, kwanza wodi ya wanaume, kisha chumba cha upasuaji. Huko nilikuwa chini ya Sista Mkuu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele ya shule. Yeye ndiye aliyenifundisha. "Kati ya pingili na pingili ya uti wa mgongo kuna kimto, ndiyo diski. Nje kigumu, ndani laini. Kikichanika, kile cha ndani kinatokeza na kuubana mshipa wa fahamu unaokwenda mguuni. Mtu analia paja, kumbe ugonjwa uko kiunoni." Alisema pia kwamba wengi wao hupona kwa dawa, mazoezi na muda, wasikatwe. Naliandika hilo hapa ili mtu asije akasema nimewasukuma watu kwenye kisu.

Waliohitaji kisu tuliwapa rufaa ya mbali. Huko walipasuliwa mgongo kwa mkato mrefu, wakarudi wakitembea kwa uangalifu kama wamebeba mayai. Mitaani watu walisema ukiguswa mgongo umepooza. Ndipo miaka yangu ya mwisho akaja Daktari Bingwa, kijana mpole, na vifaa vipya. Alitoboa tundu dogo ubavuni mwa mgongo, akapitisha mrija mwembamba kama kalamu wenye kamera, akatazama kwenye runinga na kutoa kipande kilichotokeza kwa koleo ndogo. Mgonjwa halali usingizi. Hupigwa ganzi pale pale penye tundu, akabaki anaongea.

Mzee Ramadhani alikuwa mkandaji wa mtaa wa Kasingirima, anayejulikana kuanzia Ujiji mpaka Gungu. Alikuja kwa bodaboda, amekalia tako moja. Unyayo wa kulia haukuinuka tena, vidole vilikwaruza chini. Picha zilionyesha diski imetokeza na kuubana mshipa.

"Mwanangu," aliniambia, "wakinikata mimi, nani tena atanipa mgongo wake?"

Daktari alimsikia. "Shikamoo, mzee. Ni hiari yako. Lakini mshipa unaokufa hausubiri. Tukichelewa, huu unyayo huenda usiinuke tena."

Mzee alikuwa akiwakanda watu kwa kuwakanyaga, mguu mmoja chini, mmoja mgongoni kwao. Bila unyayo ule kazi ilikuwa imekwisha, hata asipokatwa. Akautazama unyayo wake, akasema, "Kateni. Ila Kasingirima wasisikie."

Siku ya upasuaji alilala kifudifudi chini ya shuka za kijani. Mimi nilikaa kwenye kigoda kichwani pake, nimemshika mkono, kazi yangu ni kumtuliza kwa Kiha, lugha yetu sote wawili. Daktari akaingiza mrija.

"Hali yako, mzee?"

"Njema, baba."

Mrija ukaendelea. "Na mguu?"

"Salama kabisa."

Jasho lilikuwa linamtiririka, na mkono wake ulinibana hadi pete ikaniuma. Daktari akasimamisha mkono ghafla. Hapa sina hakika: Sista Mkuu husema ni yeye aliyesema "Subiri", mimi nakumbuka daktari mwenyewe aliona mguu ukishtuka. Labda wote wawili. Si mimi niliyegundua.

Mrija ulikuwa jirani sana na mshipa. Kinga ya upasuaji wa namna ile ni mdomo wa mgonjwa: akisema panawaka, daktari anarudi nyuma. Lakini Mzee Ramadhani alikulia mahali ambapo mwanaume akikandwa akapiga kelele hutaniwa mpaka mbele ya wajukuu. Tena mkubwa akiulizwa hali na mdogo, jibu ni njema, hata nyumba ikiwa inaungua.

Sista Mkuu akachuchumaa. "Mzee, ukimkanda mteja wako, unajuaje umefika penye ubaya?"

"Namtazama uso."

"Huyu daktari uso wako hauoni, umeulalia. Ukinyamaza ataukata mshipa, halafu sisi tutatangaza kwamba mzee alisema ni njema."

Mtaalamu wa ganzi akacheka. Mzee akauliza, "Kwa hiyo nipige kelele?"

"Piga."

"Hata nikitukana?"

"Tukana, ila taja mahali."

Mrija ukasogea tena. "Paja! Paja linawaka! Rudi nyuma, kijana!" Daktari akarudi. "Hapo sawa. Hapo pia sawa. Ee, kalio! Toka kwenye kalio langu!"

"Nimetoka, mzee."

"Haya, kaa hapo hapo, usitangetange."

Vipande vyeupe vikatoka, kama nyama ya samaki mgebuka aliyechemshwa. Kisha daktari akaniagiza niende upande wa miguu, nifunue shuka. "Mzee, inua unyayo."

Hakuna kitu. Akaambiwa tena. Kidole gumba kikanyanyuka.

"Umeinuka?" mzee akauliza.

Nilitamani kumfurahisha, lakini nikasema kweli. "Kidogo."

"Kidogo kinatosha kuanzia," akasema.

Mguu ulirudi polepole, kwa miezi na mazoezi. Haukurudi wote, ukingo wa unyayo una ganzi hadi leo. Na mgonjwa mwingine wa daktari yuleyule maumivu yalimrudia, akafanyiwa mara ya pili. Siwezi kuandika la mmoja nikaficha la mwingine.

Sasa nimestaafu, naishi Gungu. Ninyi mnaoanza kazi hii mtapata mashine bora kuliko zetu, na sijui kama nina la kuwafundisha, isipokuwa kwamba mgonjwa anayesema "njema" aulizwe tena.

Mzee Ramadhani bado anakanda, kwa mikono tu, ameketi. Lakini kabla hajamgusa mtu humwambia kwanza atembee kwa visigino, kama daktari alivyokuwa akimwambia yeye. Asiyeweza kuinua vidole, hamlazi kumkanda. Neno hospitali halitamki, heshima yake ya kazi haimruhusu. Husema tu, "Huyu si wangu. Mpelekeni kwa mama wa Gungu."

Asubuhi hii bodaboda imemshusha mlangoni kwangu mvuta nyavu, vidole vya mguu vinakwaruza chini. Ananiuliza kama atapona. Nimemjibu kwamba mimi si daktari, sijui. Nimemwambia asubiri nivae viatu, twende wote.