Mashine ya Kuonea Sauti

Kwa miaka mingi nilikana, tena kwa viapo, kwamba baba yangu alikuwa hasikii. Niliwakatalia wenzangu shuleni, nikamkatalia ustadhi wa madrasa, na baadaye, nikiwa msomi mwenye miwani na maoni mengi, nikamkatalia hata mume wangu, ambaye alikuwa ametoka kuzungumza na mkwewe saa nzima bila kujibiwa swali hata moja. "Ana mawazo tu," nilimwambia. Kama mawazo yangekuwa yanaziba masikio, mimi ningekuwa kiziwi tangu kidato cha pili.

Juzi nilipeleka simu yangu kwa fundi. Kijana akagusisha ncha ya moto kwenye risasi ya kulehemu, ukapanda uzi wa moshi, na ile harufu ikanifikia: tamu kidogo, chungu kidogo, kama ubani uliofukizwa na mtu asiyejua kufukiza. Hapo hapo nikawa Korogwe, nina miaka tisa, nimekaa kwenye stuli ndefu dukani kwa baba, miguu inaning'inia.

Duka lilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko, limejaa redio zilizopasuliwa matumbo. Baba alikuwa fundi wa sikio. Aliinama juu ya spika, akafunga macho yake, akagonga hapa na pale kwa ukucha, kisha akasema ugonjwa uko wapi. Watu walitoka hadi Kwashemshi kumletea redio kaseti zao. Halafu, polepole, redio zikaanza kurudi. "Fundi, bado inakoroma hii." "Fundi, mbona ni kama inaongelea ndani ya mtungi?" Baba aliwasha, akasikiliza, akatikisa kichwa. Yeye aliona iko sawa. Wateja wakaanza kupita mbele ya duka letu wakiwa na redio kwapani, wakielekea kwingine.

Kazi yangu ilikuwa kukaa pale baada ya shule. Hakuna aliyeniambia kwa nini. Nilijigundulia mwenyewe kwamba mteja akiingia nikagonga meza kwa kifundo cha kidole, baba atausikia mtikisiko kwa kiwiko chake na atainua kichwa. Hatukuwahi kulizungumza jambo hilo. Mimi niligonga, yeye akainua kichwa, biashara ikaendelea.

Shida kubwa ilikuwa salamu. Kwetu mtu asiyeitika salamu ni mbaya kuliko mwizi. Mwizi angalau ana haraka. Kwa hiyo baba alikuwa amejitungia dawa: kivuli chochote kikisimama mlangoni, anaitika "marahaba." Kwa vijana dawa hii ilifaa sana. Kwa wazee ilikuwa sumu.

Siku aliyokuja na redio yake Mzee Mhina, mtu wa umri wa babu yangu, aliyekuwa akiheshimiwa mtaa mzima, mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika muwa. Sikugonga.

"Hujambo, fundi?"

"Marahaba, marahaba," baba akaitika, kichwa chini, bisibisi mkononi.

Mzee Mhina akaduwaa. "Marahaba? Tangu lini mimi nikakuamkia wewe?"

"Njoo kesho jioni, mwanangu. Itakuwa tayari."

"Mwanangu!" Mzee akanigeukia mimi, kana kwamba nilikuwa shahidi wa serikali. Mimi nikautafuna muwa kwa bidii. Ndipo baba akahisi kitu, akainua kichwa. Mzee Mhina alikuwa amekwisha kuikumbatia redio yake. "Basi naipeleka kwa fundi anayesikia," akasema, akaondoka.

Baba alibaki akiutazama mlango. Kisha akaniuliza taratibu, "Amesema nini?"

"Amesema ana haraka, baba. Anasafiri."

Alinitazama kitambo. "Aha," akasema. "Mungu amfikishe salama."

Kesho yake baba alikwenda Handeni, kwa fundi umeme mmoja aliyekuwa ameamua kuacha kazi arudi Kang'ata kulima mahindi. Alirudi na kitu kizito kilichofungwa blanketi kama mgonjwa. Alipokifungua sebuleni, tukaona kioo cha mviringo kwenye uso wa bati, na vifundo vya kuzungusha vingi kuliko redio yoyote. Habari ikaenea kabla chai haijachemka: kwa fundi kumeingia televisheni. Watoto wa jirani wakaja na mikeka. Bibi yangu, aliyekuwa amekuja kutusalimia kutoka Sindeni, akawekewa kiti mbele.

Baba akawasha. Tukangoja. Mstari mmoja wa kijani ukatokea katikati ya kioo, ukatulia.

"Watu wako wapi?" Bibi akauliza.

"Hakuna watu, mama. Ni wimbi."

"Wimbi la nini? Mbona limelala?" Bibi akautazama mstari kwa subira ya mtu aliyelea watoto wengi. "Basi liache lilale. Nileteeni chai."

Mikeka ikakunjwa. Shuleni nikaitwa binti wa TV ya mstari mpaka mwisho wa muhula.

Lakini dukani ile mashine ikawa kitu kingine. Baba aliiita mashine ya kuonea sauti. Jina lake halisi, osiloskopu, lilimgonga meno. Ilikuwa na waya wenye ncha kama sindano. Baba aliigusisha ncha hiyo ndani ya redio inayoimba, na ule mstari ukaamka, ukawa vilima na mabonde, laini kama milima ya Lushoto inavyoonekana kwa mbali. Akahamisha ncha mbele kidogo, vilima vikawa vikubwa. Akahamisha tena, na safari hii vilima vilikuwa vimekatwa vichwa, tambarare juu kama meza. "Unaona? Hapa ndipo inapokoromea," akasema. Mara nyingine alifuata wimbi hatua kwa hatua mpaka mahali lilipokatika kabisa. Mahali wimbi lilipofia, ndipo ugonjwa ulipokuwa. Hakuinamia tena spika. Redio zikaacha kurudi, na baadaye hata Mzee Mhina alikuja, akaamkiwa vizuri kabla hajafungua mdomo.

Jioni moja baba alinipa kipaza sauti kidogo alichokuwa amekiunga na redio kaseti, ncha ya mashine ikiwa ndani yake. "Niamkie," akasema.

"Shikamoo, baba."

Mstari ukaruka, ukatetemeka, ukatulia. "Tena."

"Shikamoo, baba!"

Aliniambia nirudie mpaka nikachoka, na kila mara alikitazama kioo, akaitika, akatabasamu. Nilidhani anaijaribu mashine. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto wangu wanaoniamkia bila kuniangalia, nilipotambua kwamba huenda ilikuwa imepita miaka tangu salamu yangu imfikie.

Hata hivyo hajawahi kukiri. Ukimuuliza kwa nini aliinunua mashine ile, hujibu kwamba wateja wa siku hizi wanataka utaalamu. Mimi nami, kwa elimu yangu yote, nilijijengea nadharia kwamba Mzee Mhina alimjeruhi baba fahari yake. Niliisimulia hivyo kwenye karamu zisizo idadi. Basi juzi, simu yangu ilipopona, mtu wa kwanza niliyempigia alikuwa mama.

"Mama, ile mashine ya Handeni, baba aliichukua kwa nini hasa?"

"Wewe Zuhura, maswali gani haya, nina ugali jikoni!"

"Nijibu tu, mama. Ni kwa sababu ya Mzee Mhina?"

"Mzee Mhina wa watu kafanya nini?" Nikasikia mwiko ukiwekwa chini. "Siku ile baba yako alikuwa ameshainua kichwa. Alimsoma mdomo. Alilijua kila neno."

"Sasa mbona aliniuliza?"

"Alitaka umwambie kweli, ili na yeye akwambie la kwake, kwamba hasikii. Wewe ukamwambia mzee wa watu anasafiri." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Usiku ule hakula. Akaniambia, 'Mama Zuhura, mtoto ameanza kusema uongo kwa ajili yangu. Masikio na yafe, lakini yeye asiharibike.' Asubuhi akapanda basi la Handeni."