Mama wa Chemchemi Aliyepanda kwa Nafasi ya Mjukuu Wangu

Mwaka wa 1984 nilikuwa na miaka kumi na mbili, na ukame ulimaliza ng'ombe wa baba yangu mpaka tukabaki na kamba zao tu. Naanza hapo ili ujue ni mtu wa aina gani anakuandikia. Mimi si mtu wa kuota mchana. Shule niliacha darasa la tatu. Nilikuja Isiolo mjini kwa miguu, nikaosha malori, nikapakia magunia ya miraa, nikawa utingo, nikawa dereva, halafu nikawa mwenye gari. Sikupewa na mtu. Kwa hivyo ninaposema jambo hili lilitokea, lilitokea. Ukitaka kucheka, cheka umalize kwanza, ndiyo uendelee kusoma.

Kazi yangu siku hizi ni kupeleka watu kutembea. Idd, Krismasi, shule zikifungwa, watu wa mjini hawataki kukaa nyumbani, na mimi pia sijui kukaa. Mke wangu husema mguu wangu una mdudu. Leo nitawapeleka watu kwenye mto Ewaso Nyiro waone mamba wakiota jua, kesho Oldonyiro siku ya soko la mifugo, kesho kutwa milimani watoto wapande mawe. Zamani tulikuwa tunakimbia hizo sehemu kwa sababu ya njaa. Sasa watu wanavaa nguo mpya wanaenda kuzipiga picha. Dunia imegeuka, au vipi?

Gari ni Landkruza ya zamani, mbele kuna kiti cha dereva na mtu mmoja au wawili, nyuma kuna benchi mbili zinazotazamana, juu turubai. Sasa sikiliza vizuri hapa. Kwetu sisi watu hawahesabiwi kwa kidole kama mbuzi wa kuuzwa. Ukihesabu watu, unaita shari ije ipunguze. Lakini dereva lazima ajue kama ameacha mtu porini. Kwa hivyo nina mkebe wa maziwa ya unga, mtupu. Mkifika mahali, kila mtu akishuka anaokota jiwe dogo, anatia ndani. Wakati wa kurudi, kila mtu akipanda anatoa jiwe moja, anatupa. Mkebe ukibaki na jiwe, kuna mtu amebaki. Mkebe ukiwa mtupu, twende. Nimefanya hivyo miaka mingi na sijawahi kuacha hata mzee kiziwi.

Siku ya pili ya Idd tulienda kwenye chemchemi moja ng'ambo ya laga, ile mito mikavu ambayo hujaa ghafla mvua ikinyesha milimani. Pale maji ni safi mpaka unaona mchanga chini, na miti ya mikoma imesimama pande zote. Walikuwa watu wa mtaa wangu wa Bulla Pesa na wengine wa Chechelesi, akina mama na watoto wengi. Alikuwepo pia Mwalimu Kirimi, Mmeru anayepanga chumba kwangu, mtu mzuri ila anapenda maswali. Mke wangu, Mama Hawa, alikaa mbele na mimi. Na nyuma, pamoja na watoto wenzake, alikuwa mjukuu wangu Sadia, wa miaka saba. Mama yake ni Hawa, binti yangu wa kwanza. Yuko Saudia anafanya kazi ya nyumba. Siku ya kuondoka aliweka mkono wa mtoto ndani ya mkono wangu akasema, "Aabo, baba yangu, huyu ndiye mimi. Ukimwangalia yeye umeniangalia mimi." Hayo maneno hayakuwa mepesi.

Tulifika, mawe yakaingia kwenye mkebe, watoto wakaingia majini. Tulikula pilau. Jua lilikuwa katikati ya kichwa, saa ile hata kivuli chako mwenyewe hukioni. Ndipo nikamwona mama mmoja ameketi kando peke yake juu ya jiwe, miguu ndani ya maji, amejifunika shuka ya rangi ya udongo. Hakukuwa na punda wala mtungi karibu naye. Nikamsalimia.

"Salaam aleikum, mama."

Hakuitikia salamu. Aliniuliza tu, "Nafasi iko?"

"Gari imejaa, mama. Leo ni ya familia."

Mama Hawa alinisikia. Akaniambia, "Baba Hawa, mtu yuko peke yake huku porini unamwambia gari imejaa? Tangu lini?"

"Tangu nilipoinunua mimi," nikamjibu.

Yule mama hakukasirika. Alisema pole pole, kama mtu anayepanga foleni, "Mtu akitoka, mimi nitaingia."

"Hakuna mtu anatoka," nikasema, nikaenda kuangalia magurudumu yangu. Niamini, sikuwaza jambo. Watu wa kuomba lifti ni wengi kuliko miti.

Alasiri upepo ukabadilika. Nikaona wingu jeusi limekaa juu ya milima, nikajua laga inaweza kuja na maji. Nikapiga honi. Watu walikusanya masufuria mbio mbio, watoto wakalia hawataki kutoka majini, akina mama wakagombana kuhusu kifuniko cha thamosi. Mkebe ukapita, mawe yakatupwa. Nikatazama ndani. Mtupu.

Mwalimu Kirimi akasema, "Mzee, hebu tuhesabu watu. Dakika moja tu."

"Mwalimu, hesabu ni ya shule yako. Hapa mkebe umesema."

"Mkebe haujui sura ya mtu, Mzee."

"Na wewe hujui laga. Panda."

Watu wakacheka, akapanda. Tukatoka.

Sasa, mimi gari langu nalijua kama mguu wangu. Tangu tuondoke lilikuwa zito. Lilikuwa linavuta kama limebeba simenti, na tulikuwa tumekula chakula chote tulichokuja nacho. Nikabadilisha gia, nikasikiliza injini, nikatoa kichwa nje kuangalia tairi. Hakuna kitu. Sikutulia kwenye kiti. Mama Hawa naye alikuwa anageuka geuka.

"Watoto wamenyamaza sana," akasema.

"Wamechoka."

"Watoto wa Idd? Asubuhi walikuja wakiimba mpaka kichwa kikaniuma."

Nikaita kupitia kidirisha cha nyuma, "Sadia, uko?"

"Niko, Awowe," akajibu. Ni yeye huniita hivyo, Awowe, babu kwa Kisomali chetu. Ilikuwa sauti yake na ule ulimi wake wa meno yaliyong'oka. Moyo ukatulia kidogo.

Tulifika ukingo wa laga. Maji yalikuwa bado, mchanga ulikuwa mkavu, lakini upepo ulikuwa unanuka mvua. Nikasimama nitazame pa kuvukia. Hapo Mwalimu akashuka nyuma, akaja kwenye dirisha langu. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Akaongea chini chini.

"Mzee, Sadia amekaa wapi?"

"Si nyuma na nyinyi? Nimemwita sasa hivi akaitika."

"Nilisikia akiitika. Sauti yake naisikia, yeye simuoni."

Utafanya nini ukiambiwa hivyo? Nilienda nyuma nikafungua turubai. Watu wamebanana, watoto wamelala mapajani mwa mama zao, na kwenye kona ya mwisho, ameketi yule mama wa shuka ya udongo. Jiwe alilotoa kwenye mkebe alikuwa nalo bado, hakulitupa, amelishika kwenye kiganja. Nguo yake ilikuwa inatona maji, na ubao chini yake ulikuwa mkavu.

"Huyu amepanda na nani?" nikauliza.

Mama mmoja wa Chechelesi akasema, "Si ni mtu wenu wa Bulla?"

Watu wa Bulla wakasema, "Sisi tulijua ni mgeni wenu."

Kila mtu alikuwa amemsogelea, amempa nafasi, hata kuna mtu alimpa tende. Hakuna aliyemuuliza yeye ni wa nani. Ndiyo adabu yetu, mgeni hasumbuliwi. Na yule mama akaniangalia, akafungua mdomo, ikatoka sauti ya mjukuu wangu.

"Awowe, twende. Mvua inakuja."

Akina mama walishuka kwenye lile gari kama maji ya ndoo iliyopinduka. Sitaandika walivyopiga kelele. Yeye hakusogea.

Mimi ni mtu wa mizigo. Mzigo ukipakiwa kimakosa, huutupi njiani. Unaurudisha pale ulipopakiwa, ndiyo unapata wako. Hiyo ndiyo elimu yangu, na siku ile sikuwa na nyingine. Alisema mtu akitoka ataingia. Basi ili mtu wangu aingie, yeye atoke, na atoke palepale.

Mwalimu akasema, "Mzee, nakuja na wewe."

"Nani atabaki na hawa watoto? Kaa juu huku, mbali na mchanga. Laga ikija, usijaribu kuvuka."

Mama Hawa alikuwa ameshapanda mbele. Nikamwambia ashuke. Akaniambia, "Mtoto ni wako peke yako? Endesha."

Nilirudi na ile barabara kama mtu anayefukuzwa, na ukweli aliyekuwa ananifukuza nilikuwa nimembeba. Mama Hawa alikuwa anasoma dua. Akimaliza ananirushia maneno. "Ulisema gari imejaa. Sasa si imejaa?" Kwenye kioo sikuona mtu nyuma, benchi tupu, turubai inapigapiga. Lakini gari bado lilikuwa limekaa chini kwa uzito. Na ile sauti ilikuwa inaongea, inauliza maswali ya mtoto. "Awowe, hujachoka? Awowe, mama atakuja lini? Awowe, mbona unarudi?" Kila ikisema mama, mikono yangu ilitaka kuacha usukani. Mama Hawa akageuka kwenye kidirisha, akasema kwa adabu kabisa, kama anaongea na mke mwenzake,

"Dada, mtoto wetu umemwacha wapi?"

"Pale pale, Nyanya. Anangoja."

Tulifika jua likianza kugusa vichwa vya mikoma. Nilitaka kuruka nikimbilie maji. Mama Hawa akanishika shati. "Kwanza huyu," akasema. Akaenda nyuma, akanyoosha mkono ndani ya gari tupu. "Dada, tumefika kwako. Shuka. Utusamehe, hatukukukaribisha chakula."

Nakuapia, mkono wa mke wangu uliinama kama umeshikwa na mtu anayeshuka. Na gari likapanda juu. Nililiona kwa macho yangu, spring zikainuka kama lori likishusha magunia. Juu ya benchi kukabaki lile jiwe, limelowa. Mama Hawa alisema baadaye kwamba ule mkono ulikuwa baridi, na ulikuwa mdogo kama wa mtoto.

Sadia alikuwa ameketi juu ya jiwe kando, miguu ndani ya maji. Alikuwa hajalia. Nilimbeba mpaka akasema namuumiza mbavu.

"Kwa nini hukupanda, Sadia?"

"Yule mama alisema gari imejaa, Awowe. Akasema nimpe zamu yangu, yangu itakuja kesho. Alisema ni wewe ulimwambia imejaa."

Tuliporudi kwenye laga maji yalikuwa yamekuja, mekundu, yanabeba magogo. Watu wote walikuwa juu ukingoni wamekaa na Mwalimu, na wakamshika Sadia mmoja mmoja kuona kama ni mtu. Wako wanaosema yule mama alituokoa, kwamba tungevuka saa ile maji yangetukuta katikati. Mimi sisemi hivyo. Mtu akikuchukulia mtoto humshukuru kwa sababu mvua ilinyesha.

Hayo yalipita, nilidhani. Sadia anakula, anaenda shule, anapigana na wenzake kama kawaida. Lakini Hawa hupiga simu kutoka Saudia kila Ijumaa, na mtoto akimaliza kuongea, binti yangu huniuliza, "Aabo, huyo mtoto mwingine ni nani? Anacheka pamoja na Sadia, sauti zao ni moja." Mara ya kwanza nilisema ni mtoto wa jirani. Sasa nasema hivyo kila Ijumaa. Mimi nikiwa pale chumbani, namwona Sadia peke yake na simu sikioni. Sheikh amemsomea mtoto Kurani, amemsomea tena, na ile sauti bado iko. Hawa anarudi nyumbani mwaka huu, atataka kumwona huyo mtoto wa jirani, na sijui nitamwonyesha nini.

Kwa hivyo wewe unayependa kutembea, nenda, dunia ni kubwa na Isiolo ina mahali pazuri pa kuona. Lakini usimwambie mtu wa porini kwamba hakuna nafasi kabla hujamkaribisha hata maji. Na kabla gari halijaondoka, geuka kwa aliyekaa kando yako umuulize: wewe ni mtoto wa nani, mama yako anaitwaje? Adabu iwekwe pembeni. Asipojibu, shukeni nyote.

Mimi nilikuja mji huu bila viatu. Leo nina Landkruza mbili na lori moja. Nina vyumba vya kupangisha Bulla Pesa na kiwanja Chechelesi. Nina ngamia upande wa Oldonyiro, duka la vipuri, na tangi la maji ambalo jirani huchota bila kuuliza. Vyote hivyo nilivitafuta mwenyewe. Ile sauti ya pili kwenye simu sikuitafuta, na iko nyumbani kwangu pia.