Magauni Bila Mtu Ndani

Kabla vita havijafika barabarani, Sikujua alikuwa akipanda bisi kila Alhamisi kwenda Bujumbura na furushi la magauni ya mfano. Alikuwa fundi cherehani hapa Rumonge, kando ya ziwa, nyumba ya pili kutoka msikitini, na sisi majirani tuliamka kwa sauti ya mashine yake. Furushi lile ndilo lilikuwa duka lake. Huko mjini, katika mtaa wa Buyenzi, mwenye duka Mama Marguerite alilifungua mbele ya wateja, wakachagua mshono, wakapimwa, na Sikujua akarudi nyumbani na vipimo ndani ya daftari.

Aliyeyavaa magauni hayo ili wateja wayaone mwilini ni mdogo wake, Nadia, aliyesafiri naye. Mama Marguerite alikuwa akisema Nadia akivaa gunia watu wataliagiza.

Alhamisi moja mwishoni mwa mwaka 1996, Sikujua aliamka na homa kali. Nadia akabeba furushi peke yake. Karibu na Gitaza watu wenye bunduki walishuka kilimani wakaisimamisha bisi. Waliofika baadaye walikuta viatu vimetapakaa barabarani na watu sita wamelala kando. Furushi halikuonekana. Nadia aliletwa nyuma ya kamioneti ya samaki, na alasiri ileile tukamzika. Nani alipiga risasi, kila mtu alikuwa na jibu lake, na kila mtu aliangalia kwanza nani anamsikiliza.

Tangu siku hiyo Sikujua hakupanda bisi tena. Alishona tu. Hilo ndilo lililotutia wasiwasi: wateja hawakuwepo, lakini mashine haikunyamaza. Alikata vitambaa vya vikwembe, akashona magauni, akayapanga ndani ya sanduku la bati. Mama yake alikaa kwenye mkeka karibu na mlango akiyatazama yanavyoongezeka, wala hakuuliza ni ya nani.

Aliyelitoa wazo la picha ni Kassimu, dereva aliyekuwa bado na moyo wa kupita njia ile. Alisimama mlangoni asubuhi moja, funguo mkononi.

"Da Sikujua, nisikilize. Kwenye barieri za njiani wanachukua mzigo, wanachukua chakula, hata viatu. Karatasi hawana kazi nayo. Nipe foto za hizo robe unazoshona, nizifikishe kwa Mama Marguerite."

"Na akiagiza?"

"Utanipa robe moja moja. Robe moja naikunja chini ya kiti. Furushi ndiyo inaita macho."

Sikujua alifikiri siku mbili. Siku ya tatu akaenda kwa Hyacinthe.

Hyacinthe alikuwa na studio ya picha pembeni ya soko. Vita vilimpa kazi: hakuna aliyethubutu kutembea bila kitambulisho, na kila kitambulisho kilitaka uso. Alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kufuta miwani yake kabla ya kusema jambo. Sikujua alipomweleza haja yake, alitoa kamera tatu akazipanga juu ya meza.

"Usichague kwa macho," alimwambia. "Niambie kwanza unataka mtu aone nini."

"Aone rangi ya kitambaa. Aone mshono wa shingo. Aone gauni linavyoanguka."

Hyacinthe akasogeza pembeni kamera ya kwanza, ndogo, ya plastiki. "Hii ni nyepesi, lakini ukisogea karibu inaona ukungu. Na taa yake ikimulika, uzi mweupe unapotea wote. Si ya kwako."

Ya pili ilikuwa nzito, ya chuma, rangi imechubuka kwenye kona. Kioo chake cha mbele kilizungushwa kwa mkono. "Hii utahesabu nyuzi. Unapiga foto thelathini na sita kwa mkanda mmoja wa pelikule, na kila moja unaweza kutoa nakala unazotaka. Kama ni dada yangu anauliza, namwambia achukue hii."

"Pelikule yake inasafishwa wapi?"

Hyacinthe alivua miwani akaifuta. "Bujumbura. Hapa siwezi kusafisha ya rangi. Inapaswa kwenda na kurudi."

Sikujua aliirudisha kamera ya chuma mezani kana kwamba imemchoma. "Na hii ya tatu?"

Ya tatu ilikuwa pana kama kisanduku cha biskuti, ile inayotoa picha papo hapo. Hyacinthe hakuficha kasoro zake: rangi zake hufifia, picha ni moja tu, haina nakala, na karatasi zake zilikuwa adimu kwa sababu ya vikwazo vya biashara tulivyowekewa na nchi jirani, zikija kwa mitumbwi kutoka Kigoma pamoja na sabuni na mafuta ya taa.

"Lakini haiendi popote kusafishwa," Sikujua alisema.

"Haiendi popote."

"Basi ni hii."

Walikubaliana amshonee mapazia ya studio na gauni la mke wake, naye amwachie kamera hiyo.

Asubuhi iliyofuata alilitundika gauni la kwanza kwenye fremu ya mlango, mahali mwanga wa ziwa unapoingia bila jua kali. Akabonyeza. Karatasi ikatoka, kijivu tupu. Aliishika kiganjani, na polepole kitu kikaanza kuja kutoka ndani ya kile kijivu: kwanza mabega, halafu kiuno, halafu pindo. Upepo wa ziwa ulikuwa umelijaza gauni kidogo. Pichani lilionekana limesimama lenyewe mlangoni, kama mtu anayesubiri kukaribishwa.

Mama yake aliitazama picha hiyo kwa muda mrefu. "Mukaribishe basi," alisema, akainuka akaingia chumbani.

Sikujua alipiga picha nne, akampa Kassimu. Baada ya wiki moja zilirudi na barua ya Mama Marguerite. Aliandika kwamba buluu imetoka kama nyeusi, lakini si hilo. "Wateja waliziangalia wakanirudishia haraka. Wananiuliza kama ni nguo za watu waliokufa. Siku hizi, dada yangu, nguo bila mwenyewe tumeziona nyingi mno. Weka mtu ndani."

Weka mtu ndani. Alizunguka mtaa mzima akiomba. Aksanti, binti wa wavuvi kutoka Uvira, alikubali, halafu jioni akaja kukataa: baba yake hataki uso wa mwanawe upite kwenye barieri ndani ya mifuko ya watu. Wengine walitoa sababu za kazi na watoto. Jirani mmoja tu ndiye aliyesema lililokuwa moyoni mwa wote, naye alilisema bila ubaya:

"Aliyekuwa anavaa robe zako iko wapi sasa? Usinione vibaya, Sikujua. Naogopa."

Jirani huyo nilikuwa mimi. Nimeandika haya yote ili nifike kwenye sentensi hiyo, na bado ni nzito.

Akarudi kwa Hyacinthe na picha zake nne. Alitaka kumuuliza kama kamera ndiyo inayoyafanya magauni yaonekane hivyo. Hyacinthe akachukua kioo cha kukuzia akainama juu ya meza. Alitazama ya kwanza, ya pili, akarudi kwenye ya kwanza.

"Kamera haina kosa," alisema. "Lakini hizi robe, umeshonea mtu gani?"

"Mutu yeyote. Ni za mfano."

"Hapana. Angalia. Bega la kushoto limeshuka. Hapa, na hapa. Zote nne. Robe ya mutu yeyote ina mabega sawa."

Sikujua alichukua picha zake akatoka, na tulimwona akipita sokoni bila kumsalimia mtu.

Nyumbani alilifungua sanduku la bati, akatandaza magauni yote kumi na moja kitandani, akachukua utepe wa kupimia. Nadia alianguka kutoka juu ya mwembe akiwa na miaka minane, mfupa wa bega ukaunga vibaya, na tangu hapo bega lake la kushoto lilikuwa chini kwa upana wa kidole kimoja. Sikujua alikuwa amekata nguo za mdogo wake kwa kipimo hicho maisha yake yote. Alipima gauni la kwanza: kidole kimoja. La pili: kidole kimoja. La kumi na moja alilikata mwezi uliopita tu, miezi kumi baada ya mazishi. Kidole kimoja.

Mikono yake haikuwa imeambiwa.

Alikaa sakafuni, sanduku wazi mbele yake, mpaka adhana ya magharibi. Kesho yake akaanza kufumua mabega. Mama yake akamsikia akikata uzi, akaja kusimama juu yake.

"Unafanya nini?"

"Nasawazisha, mama."

"Unamutoa."

"Natoa uzi tu."

"Ni yeye huyo unatoa. Mimi nilikuwa namuona humu. Kila ukimaliza moja nilikuwa nasema, sawa, iko moja tena." Mama akainama akalichukua gauni la manjano kutoka kwenye rundo. "Hili usiguse."

Sikujua hakuligusa. Mengine kumi aliyafumua na kuyashona upya kwa mwili wake mwenyewe, maana alikuwa ameamua kuyavaa yeye. Alipomaliza alimrudishia Hyacinthe kamera ya papo hapo na kuomba ile ya chuma.

"Unajua pelikule inapita wapi," Hyacinthe alimwambia.

"Najua. Nitaipeleka mimi."

Walipiga picha uani kwa Sikujua, saa nne asubuhi, chini ya turubai ili mwanga uwe laini. Hyacinthe ndiye aliyebonyeza. Kila gauni lilipigwa mara tatu: mwili mzima, kisha shingo, kisha pindo. Sisi tulichungulia juu ya ua. Sikujua hakuwa na urefu wa Nadia wala ule mwendo, alisimama kama mtu anayepimwa hospitalini, lakini magauni yalikaa.

Alhamisi akapanda gari la Kassimu, pelikule imefungwa kwenye kitambaa na kufichwa kifuani. Alimwomba Kassimu jambo moja tu: wakifika mahali pale Nadia alipouawa amwambie. Kassimu akaitika. Walipita Gitaza, wanawake walikuwa wanageuza samaki wadogo wa ndagala juu ya mchanga, mmoja akacheka kitu. Sikujua aliendelea kusubiri. Alipouona mji kwa mbele akageuka.

"Hukuniambia."

"Tumeishapita, da Sikujua," Kassimu alisema. Hakuutoa uso barabarani. "Kila siku napita hapo. Nikianza kuonyesha watu, siwezi kuendesha."

Picha zilisafishwa kwa siku mbili, akalala kwa Mama Marguerite. Walizifungua pamoja juu ya kaunta. Buluu ilikuwa buluu, mshono wa shingo ulionekana wazi, na ungeweza kweli kuhesabu nyuzi. Mama Marguerite alifurahi, akapiga makofi, halafu akainama tena juu ya picha. Alikuwa ameona alichokiona Sikujua.

Magauni yalikuwa sawa. Mwili ndio haukuwa sawa. Katika kila picha, bila kuambiwa na mtu, Sikujua alikuwa amesimama akiwa ameshusha bega lake la kushoto.

"Ulifanya kusudi?" Mama Marguerite aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sikujua," alisema, na kwa kuwa hilo ndilo jina lake, wote wawili wakacheka, kisha wakalia.

Wateja hawakuona bega. Waliona magauni. Mwezi huo Mama Marguerite aliagiza matano, mwezi uliofuata manane, na Kassimu akawa anayapitisha moja moja chini ya kiti chake. Sikujua alianza kutoa nakala za picha kila msimu, na baadaye Aksanti alikubali kuvaa, kisha wengine. Mimi pia nilivaa, mara moja. Niliona haya, lakini hakunikumbusha neno langu.

Picha moja ya ile pelikule ya kwanza haikwenda kwa mteja. Nadia hakuwahi kupigwa picha katika maisha yake isipokuwa ile ya kitambulisho, na kitambulisho kilipotea Gitaza. Mama yao alichagua katika bahasha picha ambayo uso umegeuka kidogo, akaiweka kwenye fremu, akaitundika ukutani.

"Sasa ninaye," alisema.

"Mama, huyo ni mimi."

Mama alimtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu ambaye hajaelewa. Sikujua hakurudia tena.

Mama alifariki mwaka 2001, mapigano bado yanasikika milimani. Ndugu zao walivuka kutoka Uvira kuja matangani, watu ambao hawakuwa wamekutana na Sikujua wala Nadia tangu utotoni. Walikaa chini ya ile fremu. Mzee mmoja akauliza ni nani, na mtoto wa jirani akajibu kama tulivyozoea wote kujibu: ni marehemu Nadia. Mzee akainua viganja vyake, chumba kizima kikainua, wakamwombea rehema na kaburi lenye nafasi.

Sikujua alikuwa ameingia na sinia la chai. Alisimama katikati ya wale watu, akasubiri wamalize, akasema amina pamoja nao, ndipo akaanza kugawa vikombe.